Wa mikono na wa kichwa: kisa cha darasa la umeme, Lubumbashi

Usuli

Kituo ninachokizungumzia kiko katika mojawapo ya komini (manispaa) saba za Lubumbashi, Kongo. Sitaitaja, na mambo ya umri na ya familia za wanafunzi nimeyageuza kidogo ili asitambulike mtu. Kinafundisha umeme wa majumbani kwa miezi tisa. Mwishoni kuna mitihani miwili: wa vitendo, ambao mwanafunzi anafunga taa, soketi na swichi kwenye ubao mkubwa, na wa maandishi, ambao ni wa Kifaransa kitupu. Wakati huo nilikuwa msimamizi wa mafunzo. Baadhi ya maamuzi utakayoyasoma ni yangu, na lile baya kuliko yote pia ni langu.

Mwaka huo tulipokea wanafunzi 22 waliotoka pande mbili. Wa kwanza walikuwa vijana waliokulia kwenye kazi. Mji huu ulianzishwa 1910 kwa ajili ya shaba, na kwa miaka mingi ufundi ulipita kazini: papa ni fundi wa kampuni ya shaba, Union Minière, baadaye Gécamines, na mtoto anambebea sanduku la vifaa siku ya mapumziko. Kampuni iliposinyaa miaka ya 1990, ufundi haukufa, ulihamia mitaani. Kijana wa namna hiyo anakuja kwetu akiwa ameshafunga nyumba kumi, ila hajawahi kuona mchoro wa nyumba hata moja. Wa pili walikuwa wenye dipulomu ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, wengine wa math-fizik (hisabati na fizikia), waliokosa pesa za kuendelea chuo kikuu. Hao wanaandika sheria ya Ohm, ile inayounganisha volti, ampea na ukinzani, bila kufikiri, na bisibisi wanaishika kama kalamu.

Kisa chenyewe ni cha wawili kati yao. Wa kwanza nitamwita B., miaka 19, aliyefunzwa na mjomba wake tangu akiwa na 12. Wa pili T., miaka 23, mwenye dipulomu nzuri na daftari safi kuliko langu.

Dodoso

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa taabu. Mwalimu wa nadharia akianza kuandika ubaoni, nusu ya darasa inaangalia dirishani. Tukienda karakana, nusu nyingine inasimama nyuma, mikono mfukoni, ikisubiri wenzao wamalize. Wakati huohuo mmoja wetu alirudi kutoka semina ya wakufunzi na dodoso la kurasa mbili. Lilitokana, kwa mbali, na kazi ya Mmarekani David Kolb, ambaye mwaka 1984 alieleza kujifunza kama mduara wenye vituo vinne: unalipitia jambo, unalitafakari, unajenga wazo la jumla, kisha unalijaribu wazo hilo upate jambo jipya la kupitia. Semina ilichukua mduara ikaukata katikati: huku watu wa vitendo, kule watu wa dhana.

Maswali yalikuwa kama haya: ukipewa chombo kipya, unasoma maelezo kwanza au unakijaribu kwanza? Unapenda kusikiliza maelezo marefu? Unakumbuka zaidi ulichoandika au ulichofanya?

Tulilipitisha asubuhi moja. Wanafunzi 13 walitoka "wa vitendo", 9 "wa dhana". Kufikia saa sita wenyewe walikuwa wameshapata majina yao: wa mikono na wa kichwa. Majina hayo yaliganda kuliko saruji.

Uamuzi wa kugawa

Niliamua tuwagawe makundi mawili. Hoja yangu wakati ule niliiona safi: kila mmoja afundishwe kwa njia anayoielewa. Wa mikono wapate karakana asubuhi na nadharia kidogo mchana. Wa kichwa kinyume chake. Kulikuwa na sababu nyingine ambayo kwenye ripoti sikuiandika: tulikuwa na koleo nne na voltimita mbili kwa watu 22. Kugawa kundi kulipunguza ugomvi wa vifaa. Ukweli ni kwamba sababu hii ya pili ndiyo iliyonisukuma, na ile ya kwanza ikaipa nguo ya kuvaa.

Wiki sita za mwanzo zilikuwa tulivu na zikatudanganya. Wa mikono walifunga ubao baada ya ubao, kwa kasi. Wa kichwa walijaza madaftari. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu hakuna aliyekutana na kile asichokijua.

Nyumba ya kwanza: korido yenye swichi mbili

Mwezi wa tatu tuna desturi ya kuwatuma wanafunzi kwenye nyumba za watu, na fundi mwandamizi anapita kukagua. B. alipangiwa nyumba moja pamoja na mwenzake wa kundi lake. Mwenzake akashikwa na malaria, na aliyekuwa hana kazi siku hiyo ni T. Hivyo ndivyo walivyokutana. Ningependa kusema nilipanga, lakini sikupanga.

Kazi ilikuwa taa moja ya korido iwashwe na kuzimwa kutoka milango yote miwili. Mafundi wetu huiita va-et-vient. Kila swichi ina skrubu tatu. Moja ni ya pamoja: kwenye swichi ya kwanza inapokea umeme unaoingia, kwenye ya pili inatoa umeme kwenda taani. Zile mbili nyingine zinaunganishwa swichi kwa swichi kwa waya mbili za katikati.

B. alikuwa amefunga va-et-vient mara nyingi. Alijua kwa rangi: nyeusi huku, nyekundu na bluu zinatembea. Lakini mwenye nyumba alinunua rola moja tu, na waya zote ndani ya bomba zilikuwa za kijivu. B. alifunga kwa kubahatisha. Taa iliwaka kwa swichi ya kwanza, ikazimika kwa ya pili, kisha ya kwanza ikakataa kuiwasha tena hadi mtu arudi kwenye ya pili. Akabadilisha. Ikawa vilevile, kinyume. Akabadilisha tena. Saa moja na nusu ilipita.

T. alikuwa amesimama na tochi. Kwa kuwa hakuwa na la kufanya, alihesabu. Kila kisanduku kina waya tatu, na swali ni moja: ipi iende kwenye skrubu ya pamoja? Tatu huku, mara tatu kule, njia tisa, na iliyo sahihi ni moja. Waya mbili za katikati hata zikipishana hakuna shida. Alimwambia B., na B. akamjibu, "Basi yaya, funga weye." Yaya kwetu ni ndugu mkubwa.

T. alifunga. Alitumia testa akaupata waya wenye umeme, akazima kwenye kikata umeme, akatafuta skrubu ya pamoja. Hakuijua, kwani kwenye kitabu skrubu hiyo haina sura. B. alimwonyesha kwa kidole: ile yenye herufi L pembeni. T. akakaza. Taa haikuwaka kabisa. B. alivuta waya mmoja kwa vidole viwili, ukatoka mzima. T. alikuwa amekaza skrubu juu ya plastiki. Shaba haikuwa imegusa chochote.

Mama mwenye nyumba, aliyekuwa amekaa mlangoni na sufuria yake, alisema, "Batoto, miye naomba taa, hapana masomo."

Hapo T. aliokota kipande cha mkaa jikoni akachora mzunguko ukutani, kwenye sehemu isiyopakwa rangi. B. aliuangalia kwa muda. Babu yake alikuwa mtu wa reli. Akasema, "Yaya, hii ni njia ya treni!"

Na ni kweli. Reli moja inafika mahali inapogawanyika mbili, na mbele zile mbili zinakutana tena kuwa moja. Penye mgawanyiko kuna mtu anayegeuza njia. Treni inapita ikiwa pande zote mbili zimegeuzwa kwenye reli ileile. Upande mmoja ukigeuza, treni inasimama. Upande wowote ukigeuza tena, inapita. Skrubu ya pamoja ni pale penye reli moja. Ukifunga reli moja mahali pa reli mbili, treni itapita siku nyingine na nyingine itagoma, ndivyo taa ilivyokuwa ikifanya.

B. alirudi kwenye visanduku, akaifunga kwa dakika kumi, waya zote za kijivu. Jioni aliponieleza, alichora reli, si mzunguko. Sikumsahihisha. Wiki iliyofuata mwalimu wa karakana alimuuliza afanyeje ili taa iwashwe kutoka mahali patatu. B. hakuwahi kuifunga wala kuiona. Alikaa na karatasi, akasema katikati inahitajika swichi inayovukisha treni: ya reli ya juu ishuke chini, na ya chini ipande juu. Chombo hicho kipo madukani, na ndivyo kinavyofanya kazi. Huyo ndiye dodoso lilimwandika hana mwelekeo wa dhana.

Nyumba ya pili: resho tatu

Baada ya siku ile niliwaacha wawili hao pamoja, bila kubadilisha ratiba ya wengine. Nilitaka kuona.

Walipelekwa kwenye parsele, yaani kiwanja chenye nyumba, yenye wapangaji watatu nyuma. Malalamiko: jioni resho (majiko ya umeme) hazichemshi maji ya bukari, yaani ugali. Umeme ulitoka kwenye mita ya nyumba ya mbele kwa waya mmoja mwembamba wa milimita mraba 1.5, umbali wa mita 60.

T. alikaa kwenye ndoo akapiga hesabu. Kwenda na kurudi ni mita 120 za shaba, yaani ukinzani wa karibu ohm 1.4. Resho tatu za wati 2,000 zikiwashwa pamoja zinavuta ampea 23 hivi. Volti 220 zikianza safari, zinafika takriban 187. Na kwa kuwa joto la resho hufuata mraba wa volti, kila resho inapoteza zaidi ya robo ya nguvu yake. Hesabu nzuri, niliikagua.

B. hakuhesabu. Aliushika waya kwa kiganja, mahali ulipopita chini ya bati, akasema, "Hii waya iko na homa." Kisha akauliza lile swali ambalo T. hakuliuliza: hizo volti zinazopotea zinaenda wapi? T. alirudi kwenye daftari. Ampea 23 mara volti 33: karibu wati 750 zilikuwa zinabaki njiani. Waya wenyewe ulikuwa umegeuka resho ndogo ya nne, imening'inia juu ya vichwa vya watoto.

Saa kumi na mbili jioni walipima kwa voltimita. Ilionyesha 170, si 187. T. alisema voltimita ni mbovu. B. aliichukua akaenda nayo hadi kwenye mita ya nyumba ya mbele, akapima hapo: 200. "Kuran yenyewe inafika imechoka," alisema, yaani umeme wenyewe. T. alikuwa amechukua 220 kwa sababu kitabu kinasema 220. Alirudia hesabu kwa 200 na ikatoka 170 kamili. Nilimwona akitabasamu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza fomula yake kukutana na jioni ya Lubumbashi.

Waliandika pendekezo: waya wa milimita mraba 6. Mwenye parsele alinunua wa 4, kwa bei. Siyo vibaya.

Jumatatu nilitumia kisa hicho kwa darasa zima, makundi yote mawili, na nikaongeza swali. Kama mita 60 zinakula volti 30, inawezekanaje umeme wa bwawa la Inga, magharibi mwa nchi, ufike Kolwezi, huku kwetu kwenye machimbo, safari ya kilomita 1,700 hivi? Walibishana nusu saa. Laini ile, iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980, inabeba umeme kwa volti 500,000, ili kwa nguvu ileile ampea ziwe chache, kwa maana kinachopasha waya joto ni ampea. Aliyetoa jibu la kwanza sahihi alikuwa wa kundi la mikono. Alisema: "Wapunguze homa."

Tulichobadilisha

Mwezi wa nne nilivunja makundi. Tuliweka wawili wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, tukaanza kila somo na hitilafu iliyofungwa makusudi kwenye ubao: kwanza mkono, kisha mchoro, kisha herufi na namba. Maelezo yakawa ya Kiswahili kwanza, na istilahi za Kifaransa zikabandikwa baadaye, kitu kikiwa kimeshaeleweka.

Mwalimu wa nadharia alipinga. Alisema Kiswahili kitawashusha, na mtihani hautawasubiri. Sikumlaumu, alikuwa sahihi kwa nusu ya hoja yake, kama itakavyoonekana.

Wawili wawili nao walianza vibaya. Ndani ya wiki moja mwenye dipulomu alikuwa anaandika na kuamuru, mwingine anapanda ngazi. Tukawa tumetengeneza bosi na kibarua. Tuliweka kanuni: aliyeshika koleo hashiki chaki, na kila nusu saa wanabadilishana. Kisha kanuni nyingine: anayependa kugusa achore kwanza kabla ya kugusa, anayependa kuchora aguse kwanza kabla ya kuchora. Walilalamika wote, na kelele zilipolingana nikajua tumekaribia.

Matokeo

B. alifaulu vitendo kwa alama za juu na maandishi kwa shida. Alielewa maswali yote aliposomewa kwa Kiswahili siku moja baada ya mtihani, lakini cheti hakitolewi siku moja baada ya mtihani. T. alifaulu yote mawili. Bado ni mzito wa mikono, ila kila skrubu anayokaza anauvuta waya, kama alivyofundishwa. Wanafunzi wawili waliacha, mmoja kwa sababu alipata kazi ya kulipwa machimboni, na huyo siwezi kusema alikosea. Watatu wa lililokuwa kundi la mikono walishindwa maandishi.

Uchambuzi

Dodoso halikupima kile lilichodai kupima. Niliporudia majibu, niliona mambo matatu. Kati ya wale 13 wa vitendo, 11 walikuwa wameacha shule kabla ya kumaliza sekondari. Ukimuuliza mtu anayesoma Kifaransa kwa kusuasua kama anapenda kusoma maelezo kwanza au kujaribu kwanza, unadhani atajibu nini? Jambo la pili: wasichana wote watatu walitoka wa kichwa. Mmoja aliniambia nyumbani kwao hakuna aliyewahi kumkabidhi bisibisi. Kaka zake walikuwa wanamnyang'anya. Tuliyaita hayo mtindo wake wa kujifunza. La tatu: wengi wa wenye dipulomu waliogopa kuharibu vifaa vya kituo, vichache kama vilivyokuwa, kwa kuwa tuliwaambia siku ya kwanza kwamba atakayeharibu atalipa. Lugha, malezi na hofu ya kulipa: vyote vitatu viliingia kwenye karatasi vikatoka vimeandikwa "mtindo".

Nililokuwa nimelifanya kimsingi ni kumlisha kila mmoja kile alichoshiba. Dai la kwamba mtu hujifunza vizuri zaidi akifundishwa kwa mtindo wake lilichunguzwa na Harold Pashler na wenzake watatu mwaka 2008. Waliuliza ushahidi gani ungetosha: majaribio ambamo njia inayomfaa mmoja inamshinda mwingine, na kinyume chake. Walipotafuta, hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuhalalisha dai hilo madarasani. Watu wana mapendeleo, hilo halibishaniwi. Kinachobishaniwa ni kama kufuata pendeleo kunafundisha.

Utafiti ulionisaidia zaidi ni wa zamani kidogo, wa Recife, Brazili, uliochapishwa 1985. Terezinha Carraher na wenzake walinunua nazi na matunda kwa watoto wachuuzi, wakawauliza bei za mafungu. Watoto walipatia asilimia 98. Hesabu zilezile zilipoletwa kwenye karatasi, bila nazi, walipatia asilimia 37. Kichwa kilikuwa kilekile kimoja. B. ni mtoto wa Recife. Alikuwa na dhana ya mzunguko tangu siku ya kwanza, isipokuwa ilikuwa imefungwa ndani ya rangi za waya, na rangi zilipoondoka ikaondoka nazo. Reli iliitoa humo, na ikaweza kwenda mahali pengine, hadi kwenye taa ya sehemu tatu. T. alikuwa na tatizo ambalo watu hulisahau zaidi kwa sababu linapata alama nzuri: dhana yake haikuwa imefungwa popote. Volti 220 zake hazikuwahi kuishi mtaani.

Kilichofanya kazi, kwa hiyo, ni kule kukutana, hasa pale kosa lilipokuwa la kweli na mtu amekaa mlangoni anasubiri taa. Sina hakika kingefanya kazi ubaoni tu. Hitilafu za makusudi tulizozifunga baadaye zilisaidia, lakini wanafunzi walinusa mapema kwamba mwalimu anajua jibu.

Kilichoshindwa ni Kifaransa, na hapo mwalimu wa nadharia alistahili kusikilizwa mapema. Nilidhani kitu kikieleweka, istilahi itashika yenyewe. Haikushika kwa wale watatu. Tulipaswa kuanza kubandika maneno wiki ileile, kila siku kidogo, badala ya kuyarundika miezi miwili ya mwisho. Na mimi nilipaswa kusema wazi kwamba tatizo la kwanza lilikuwa koleo nne. Awamu iliyofuata tulipata sita zaidi, za mtumba, mbili zikiwa hazikati, na ile kanuni ya atakayeharibu atalipa nikaifuta kabla hata ya kuandikisha mtu.